Mayai Yangu na Ng'ambo ya Barabara

Kuna siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu: siku supamaketi mbili za hapa Kaloleni zilipoungana.

Nilikuwa msichana mwenye kuku wengi na mdomo mwingi. Nilikuwa nauzia mayai supamaketi zote mbili, maana zilitazamana. Mnunuzi wa duka hili akisema mayai yangu ni madogo, sibishani naye. Nabeba trei zangu, navuka barabara, na yule wa pili anachukua haraka ili kumkomoa mwenzake. Jameni, raha iliyoje!

Siku ya kuungana tulipewa soda za bure, sukari ikashushwa bei, tukacheza densi pale mlangoni. Jirani yetu Mama Nekesa, mama mzee aliyeuza mboga, alikataa soda. Akanivuta kando.

"Huyu akikataa mayai yako," akaniuliza, "utavuka uende kwa nani?"

Nikamcheka. Nikadhani ni uzee unamsumbua.

Haukupita muda, mnunuzi wao akanirudishia mayai. Miguu ikavuka barabara yenyewe, kwa mazoea. Kufika ng'ambo, nani yuko kaunta? Yeye yule. Kumbe sasa ndiye anayenunulia maduka yote mawili, na alikuwa amenitangulia kukagua mkate.

"Dada," akaniambia kwa upole, "hapa pia ni sisi."

Upole wake ndio ulioniliza. Nikakubali bei aliyotaka, isiyotosha hata chakula cha kuku, na kuku wangu nikawauza mmoja mmoja hadi banda likabaki tupu.

Sasa wewe unasaga njugu, unauzia maduka makubwa mawili, nayo yanataka kuungana. Wale wa serikali wenye uwezo wa kuyakatalia yasiungane wanakuja ukumbini kesho kusikiliza watu. Umeniambia unaogopa, kwamba ukisema, wenye maduka watakataa mzigo wako. Sikulaumu hata kidogo. Una watoto, na woga huo naujua. Lakini leo duka moja likikukasirikia, la pili bado lipo. Wakishaungana, utamlilia nani?

Nenda useme, mwanangu. Usitukane mtu, wala usitafute Kiswahili kigumu. Waeleze tu unavyouza, na ukikataliwa huku unakimbilia wapi. Mimi nitakaa kando yako na leso yangu, goti liume lisiume.

Mungu akutie nguvu kooni, abariki mikono yako, na siku zote akuachie duka la pili ng'ambo ya barabara.