Plagi Niliyoikaza Mimi

Kosa langu la kwanza katika mambo ya injini lilikuwa kukaza plagi, ile inayotoa cheche za kuwasha petroli, kupita kiasi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, enzi zile za likizo ya Aprili tulipocheza bano, yaani gololi, kwenye vumbi la nyumba za reli hapa Nakuru, magoti yamepauka, mpaka harufu ya githeri, mahindi na maharagwe yaliyokaangwa kwa vitunguu, ituite ndani. Wenzangu walicheza hadi giza. Mimi niliacha bano nikaenda kuangalia pikapu ya baba.

Ilikuwa pikapu kuukuu ya petroli, ya kubebea viazi kutoka Olenguruone. Fundi wake alikuwa Wafula, jirani yetu wa ukuta mmoja. Baba yake na babu yangu walifanya kazi pamoja kwenye reli. Wiki hiyo alikuwa ameifanyia sevisi, lakini mimi nikasikia mlio ambao haukunipendeza. Wakubwa walipotoka, nikafungua plagi moja, nikaisugua kwa brashi ya viatu, nikairudisha. Nikakaza. Nikajiuliza kama imetosha, nikakaza tena. Usiku sikulala vizuri, na kabla ya chai ya asubuhi nikaenda kuikaza mara ya tatu. Sijui nani alinifundisha kwamba kitu kikikazwa zaidi ndio kinakuwa sawa zaidi. Nadhani nilijifundisha mwenyewe.

Desemba pikapu ikaanza kukohoa ikipanda milima. Wafula akaja, akafungua boneti, plagi tatu zikatoka bila taabu. Ya nne ikakataa. Akaijaribu mara mbili, akasimama, akafuta mikono.

"Wafula, hii uliikaza wewe," baba akasema, mbele yangu na mama. "Kama ulitaka nirudi kwako kila mwezi, si ungesema tu."

Wafula alisema hajawahi kukaza plagi namna hiyo tangu aanze kazi. Baba akasema basi imejikaza yenyewe. Watu hawa walikunywa chai pamoja kila Jumapili, na sasa walikuwa hawaangaliani. Baba akaanza kumtaja fundi mwingine wa mjini, na Wafula akaanza kukusanya spana zake.

Mama alikuwa na msemo: aliyemwaga ndiye anapanguza. Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Baba, ni mimi. Niliikaza Aprili."

Nikangoja kofi. Halikuja, na hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Baba aliinama akaangalia chini ya gari, kana kwamba kuna kitu kimeanguka. Aliyekasirika ni Wafula. "Miezi minane umenyamaza, kijana? Na mimi naonekana mwizi hapa?"

Kisha akaniita nisogee. Alirudisha zile plagi tatu, akawasha injini ipate joto kidogo, akaizima, akadondosha dizeli kuizunguka ile iliyokwama. Tukangoja. Halafu akaweka spana na kuikaza. Nilidhani hasira zimemchanganya.

"Fundi, unakaza," nikamwambia.

"Nakaza kidogo kutu ivunjike. Ukitumia nguvu tu, itakatikia ndani, halafu huyu mzee atafute injini ingine."

Akaisukuma mbele kidogo, akairudisha nyuma kidogo, mbele tena. Ikalia kama mlango wa stoo, ikalegea, ikatoka nzima. Akaifunga kwa kitambaa na kuniwekea mkononi, bado ina moto.

Baba hakuomba samahani. Alimwambia mama apike chapati, na ilikuwa Jumatano, siku isiyo ya chapati kwetu. Mama akatoa ile thamosi ya maua iliyokuwa ikitolewa tu pasta akija. Wakanywa, wakaongea habari ya mvua na bei ya mbegu, na Wafula akala chapati ya nne bila kulazimishwa. Nilisubiri sana ule msamaha utajwe. Nilipomuuliza mama jikoni kama baba ataomba radhi, alisema, "Wamemaliza. Kula." Mpaka leo sijui ni wakati gani hasa walimaliza.

Vijana wa leo wanatazama video ya dakika mbili na tayari ni mafundi. Wakikosana, wanaandikiana ujumbe mrefu wa samahani wenye vikatuni vya kulia, halafu hawatembeleani tena. Magari yenyewe yamefunikwa plastiki juu ya injini. Hata ukitaka kukosea, huoni pa kuanzia. Majirani wangu wa sasa nawajua kwa rangi za mageti yao. Sina uhakika kama nawacheka hao vijana au najicheka mwenyewe, maana mimi pia nayahitaji maneno. Chapati peke yake ingeniacha na wasiwasi wiki nzima. Lakini naitamani ile Jumatano.

Siku hizi nafungua injini za watu, na nikiharibu kitu, nasema siku hiyo hiyo.