Viwavi Kwenye Gauni la Dada

Sijui nani alinipa kichwa kigumu namna ile. Siku hiyo mwalimu wetu alichora ubaoni kiwavi, pembeni yake akachora kifuko kama yai, halafu nondo mwenye mbawa, akasema wote ni mdudu mmoja yule yule. Nikanyoosha mkono. "Uongo, Mwalimu," nikasema. Darasa zima likageuka kunitazama. Zama zile za Mwingereza, mtoto wa kike wa miaka kumi kumwambia mwalimu uongo ilikuwa ni kuomba viboko. Lakini yule mwalimu alicheka. "Haya, mbishi, kafuge mwenyewe," akaniambia. "Kitakachotoka, uniletee hapa mezani."

Nilirudi nyumbani nimefura. Pa kuwapata nilipajua. Mwisho wa bustani ya mama, nyuma ya kabichi, baba alikuwa amepanda miwati, ile miti ya kuuza magome, kama watu wengi wa Njombe miaka ile, na ile miwati ilikuwa na viwavi wakubwa kama kidole gumba cha baba, wenye manyoya ya kahawia yaliyosimama. Hakuna mtu nyumbani ambaye hawakuwahi kumwasha. Ukiwagusa, ngozi inatoka mabaka, unajikuna mpaka machozi yanatoka. Mama alikuwa ametukataza hata kucheza chini ya miti ile. Niliwakamata tisa kwa vijiti viwili, nikawatia kwenye kikapu kikuukuu pamoja na majani ya muwati, nikafunika.

Sasa kuwaweka wapi? Ulikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Njombe mwezi wa sita si ya mchezo. Unaamka asubuhi huoni hata choo kiko wapi kwa ukungu. Pakavu pa uhakika palikuwa mahali pamoja tu, kwenye dari ya jikoni, juu ya moto. Huko ndiko tulikohifadhi mahindi, na huko ndiko mama alikoweka kila kitu alichokithamini, maana msimu ule nguo ukiiacha sandukuni inaota kuvu. Mwaka huo, kwenye kona iliyo mbali na moshi, kulikuwa na kikapu kipya cha milulu, zile nyasi ngumu za kusukia, chenye kifuniko. Ndani yake, limezungushiwa kanga mbili, lilikuwamo gauni jeupe la harusi la dada.

Kuhusu dada niseme kidogo. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mchanga, mama alipokuwa shambani. Ndiye aliyenisuka kila wiki. Alikuwa amechumbiwa na kijana karani wa duka kule Makambako, kwenye njia panda ya malori, na uchumba ule ulikuwa umeburutwa miaka miwili kwa sababu mjomba wa kijana, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, alikuwa mtu wa kutafuta kasoro. Leo familia yetu iko mbali, kesho dada ni mwembamba mno. Mpaka kitambaa kiliponunuliwa na gauni likashonwa, mama alikuwa haamini. Akalipandisha darini, akasema lisiguswe na mkono wa mtu mpaka wiki ya harusi. Kazi yangu mimi ilikuwa kupanda kila Jumamosi kufuta masizi kwenye kifuniko.

Kwa hiyo sikuwa na shida ya kupanda darini, na kikapu cha viwavi nikakificha huko huko. Nilibeba kitambaa cha kufutia na majani ya muwati chini ya gauni langu. Viwavi wangu walikula kama wana kesi. Jumamosi moja nikafunua kikapu kikuukuu nikakuta majani tu. Walikuwa wamekitoboa wakaenda zao. Loo, nililia! Nilikuwa naona mwalimu akinicheka. Nikapapasa dari yote kwa macho, na mwisho, sijui kwa nini, nikafunua kikapu cha milulu.

Walikuwa mle. Vifuko tisa vya kijivu, vigumu, vingine vimeshikamana na kifuniko, vingine kwenye kanga, na vitatu ndani kabisa, kwenye mkunjo wa mkono wa gauni. Mtu mwenye akili angemwita mama. Mimi nilifurahi! Kumbe hawajafa. Nikafunika taratibu kama mtu anayemfunika mtoto, nikashuka.

Niliwaacha mle miezi miwili na zaidi. Jumatano ya wiki ya harusi mama akasema, "Kesho tulishushe gauni tulipige pasi." Alipokwenda kuteka maji nikapanda mbio, nikabandua vifuko kimoja kimoja, nikavirudisha kwenye kikapu changu, nikalikung'uta gauni, nikalikunja. Lilikuwa jeupe pee, halina doa. Lakini mikono yangu ilianza kuniwasha. Iliwaka moto mpaka kwenye viwiko. Nikaelewa pale pale. Yale manyoya kiwavi hakuyatupa, aliyasokotea kwenye kifuko chake, na mengine yalikuwa yamebaki kwenye nguo, membamba kiasi kwamba jicho haliyaoni. Nikanawa kwa majivu, nikanyamaza. Mchana ule ule dada akaniita anisuke nywele kwa ajili ya harusi yake, nikakaa katikati ya miguu yake, nimeificha mikono chini ya mapaja.

Alhamisi mama akapiga pasi. Alijikuna mikono yote miwili, akalaumu kuni alizobeba. Nilikuwa nimekaa hapo hapo kizingitini. Nilimsikia.

Jumamosi asubuhi lori likaja kutoka Makambako, limejaa ndugu zake bwana harusi wakiimba. Mshenga akashuka wa kwanza, akatoa salamu ya "Kamwene" kwa wazee wote mmoja mmoja, akakaribishwa uani. Chumbani shangazi alikuwa akimvisha dada. Akafunga vifungo vya mgongoni, akatengeneza shela. Hata chai ya wageni haijapoa, tukasikia shangazi akipiga ukelele.

Mama yangu wee. Dada alikuwa hatambuliki. Shingo, mikono na kifua vilikuwa vimetoka mabaka mekundu yaliyoungana, mdomo wa juu umevimba umefika puani, jicho moja limeziba. Alikuwa anajikuna kwa kucha kumi na kulia bila sauti. Nilisimama mlangoni.

Mshenga alichungulia mara moja tu. Akarudi nyuma hatua tatu, akasema, "Ndui."

Neno hilo leo haliwatishi watu. Siku zile lilitisha. Habari za ndui zilikuwa zimepanda kutoka Manda, ziwani, tangu kiangazi kilipoanza. Mwenye ndui aliripotiwa kwa jumbe, akapelekwa kwenye kibanda cha peke yake mbali na watu, nguo zake zikachomwa, na akipona hakuna anayemtaka kirahisi. Shangazi alisema, "Jana alikuwa mzima huyu, jamani!" Mshenga akajibu, "Hata wale wa ziwani jana yake walikuwa wazima." Uani watu walikuwa wanakimbilia lori. Mama mmoja alimwaga chai yake chini, akatupa na kikombe. Dereva akawasha injini.

Sasa nitasema jambo ambalo sikuwahi kulisema mama akiwa hai. Nilipomwona dada vile, wazo langu la kwanza halikuwa dada. Niliwaza kwamba wakijua, watachoma vifuko vyangu, na Jumatatu sitakuwa na cha kumpelekea mwalimu. Hilo ndilo lililonijia kichwani. Nikilikumbuka hilo hata sasa, uzee huu, nashtuka upya.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sheria. Alisimama katikati ya ua, kofia mkononi, akasema kwa sauti ndogo, "Basi nimwite jumbe." Dada akamsikia kupitia dirishani. Kwa ule mdomo uliovimba akasema, "Baba, usinipeleke kibandani."

Hapo nikakimbilia jikoni. Nilipanda dari bila hata kushika ngazi vizuri. Kufunua kikapu, nikakuta wawili wametoka. Nondo wakubwa wa kahawia, mbawa bado zimekunjamana na zina unyevu, wananing'inia kwenye vifuko vitupu. Mwalimu alikuwa amesema kweli. Sikuwa na nafasi ya kushangaa. Nikashuka nacho mpaka uani, mbele ya mshenga aliyekuwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya lori.

"Si ndui," nikasema. "Ni hawa. Walilala kwenye gauni."

Hakuna aliyenielewa. Nikachukua kifuko kitupu, nikakisugua shingoni, shavuni, na mikononi, nikasimama. Wote walinitazama, na injini inanguruma. Nilihisi moto kwanza, halafu nikaona kwenye macho ya shangazi kwamba mabaka yametoka. Mshenga aliniinamia, hakunigusa, akatikisa kichwa. "Huyu mtoto naye anayo," akasema.

Wee! Nilitaka kumwokoa dada, kumbe nimeongeza mgonjwa.

Ndipo bwana harusi akaruka chini kutoka kwenye lori. Mjomba wake alimkemea, hakugeuka. Alikuja mpaka kwangu na suti yake mpya, akachukua kifuko kingine, akakunja mkono wa shati na kukisugua hapo kwenye mshipa. Tukangoja. Alianza kukunja uso. Mara akajikuna, akajikuna tena, akapiga kelele, "Jamani, upupu huu! Mjomba, njoo uonje!" Watu wakacheka kwa woga, halafu wakacheka kweli. Dereva akazima injini.

Mama hakucheka. Aliangalia mikono yake mwenyewe, akaniangalia mimi. "Nami nililaumu kuni," akasema, akaingia ndani.

Dada aliogeshwa, akapakwa mafuta, akavishwa gauni la mama la Jumapili lililombana mabegani. Alifunga ndoa jicho moja likiwa limefumba. Gauni jeupe baba alilichoma nyuma ya jiko, na kikapu changu akaniamuru nikitie motoni kwa mkono wangu mwenyewe, na wale wawili wamo, na wengine saba ambao hawajatoka. Jumatatu mwalimu aliniuliza kimetoka nini. Nikamwambia, nondo. Akauliza wako wapi. Kisha akayaona mabaka shingoni, akaniacha.

Jioni ya harusi, dada alipokuwa anapanda lori kwenda Makambako, nilijipenyeza nimpe mkono. Akaniinamia.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatano, dada."

"Jumatano nilikusuka," akasema. Akapanda, na mkono wangu hakuupokea.

Hatukugombana, nisimsingizie. Alinipenda, aliniletea sukari na vitambaa kila alipokuja, na mumewe alinitania kwa ule upupu mpaka anazeeka. Alizaa watoto sita. Kila alipokuja na mchanga mgongoni, mimi ndiye niliyempokea. Na kila mara, watoto wote sita, kabla hajanipa mtoto aliifungua ile mbeleko, akaikung'uta mara mbili tatu kwenye mwanga, akaigeuza akaikagua pande zote, ndipo akanipa. Nami nilisimama nikangoja amalize.