Jamiru na Chuma cha Kutuliza Mkia wa Gari

Saa moja asubuhi, mjini Busia. Wachuuzi watano wa samaki wamekaa ndani ya Peugeot 404 isiyokwenda popote. Injini imezimwa na mazungumzo yamepamba moto kama wako sokoni. Chini yao, ndani ya shimo la gereji ya Kassim, Jamiru anazungusha spana.

"Mama Nusura, sogea katikati kidogo," anaomba. Nusura, mama mwenye mwili mkubwa, anasogea huku akinung'unika kwamba tangu azaliwe hajawahi kufanywa gunia.

Wapita njia wanacheka. Jamiru hacheki hata kidogo. Yeye hubeba samaki wa Nusura kutoka Osieko hadi Malaba, na kazi hiyo sasa inaning'inia. Safari nne kwa wiki zimepungua hadi moja, nayo ni ya leo mchana. Nusura amemwambia waziwazi kwamba gari likiyumba tena, anatafuta dereva mwingine.

Balaa alijitakia mwenyewe mwaka jana, 1974. Kwa tamaa ya mzigo, aliweka springi ndefu nyuma. Gari likainuka vizuri, lakini kile chuma kinachoshika ekseli ya nyuma isiende kando kilikuwa cha urefu mmoja tu, kikaivuta upande. Tairi likawa linakwaruza bodi, mkia unacheza kila kona, na makapu ya samaki yanamwagika. Wateja wakaanza kumkwepa mmoja mmoja.

Akafunga safari hadi Kisumu kutafuta dawa. Muuza spea alimwekea vyuma viwili mezani. Kimoja kipya, kinene, kinang'aa, ila urefu wake haubadiliki. Kingine kilitolewa kwenye gari la mashindano lililopinduka. Kimechubuka rangi, lakini kina nyuzi za kukirefusha na kukifupisha, na nati mbili za kukaza. Jamiru alisimama pale mpaka muuzaji akachoka naye. Moyo ulitaka kile cha kung'aa. Mkono ukachukua kilichochubuka.

"Springi zikilegea, kile kipya kingenirudisha palepale," anasema. "Hiki nitakirefusha, nitakifupisha, maisha yaendelee."

Wapi! Alikipima gari likiwa tupu, tena juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Lilipobeba samaki likakaa chini, ekseli ikaenda kando tena, na tairi likakwaruza mpaka Malaba. Kassim akamweleza kwamba gari la mzigo hupimwa na mzigo wake. Nusura hakutaka samaki wake wawe wa kujaribia. Afadhali apande yeye na wenzake, wawe mzigo wa kupimia.

Sasa Jamiru anapima kwa vidole nafasi kati ya tairi na bodi, kushoto, kisha kulia. Ziko sawa. Anakaza nati.

Mchana, samaki wamepakiwa Osieko. Nusura amekaa mbele, mkono umeng'ang'ania mlango kama kawaida yake. Kona ya kwanza inapita, ya pili inapita, tairi kimya. Baada ya Busia ule mkono unalegea, kichwa kinaegemea kioo, na mama anaanza kukoroma.

Furaha imemjaa Jamiru mpaka hajui aifiche wapi. Anapunguza mwendo kidogo, asimwamshe.

"Wale walionikimbia, nataka warudi wote," anamnong'oneza mwandishi wa habari hii, aliyebanwa nyuma pamoja na makapu. "Wapande, walale hivihivi, niwaamshe tukifika sokoni."