Niliandika Njaa

Kosa langu la kwanza lilikuwa neno moja: njaa. Niliandika neno hilo kwa biro ya bluu, kwa mwandiko mzuri, katika kaye, daftari la ekipe yetu ya mpira. Niliandika mbele ya jina la ndugu yangu, mtoto wa mama yangu mkubwa, siku alipoanguka kwenye mchanga tulipokuwa tunakimbia mazoezi ya alasiri.

Sikuwa kocha wa kusomea. Kocha wetu alikuwa amehamia Kabalo kutafuta kazi kwenye reli. Mimi niliyecheza vibaya kuliko wote nilibaki na filimbi kwa sababu nilipenda kuandika. Nilijifunza kila kitu kwenye telefone na katika kitabu kimoja cha Kifaransa kilichopoteza jalada. Niliogopa sana kukosea. Ukurasa ukiwa na neno lililofutwa, niliuchana na kuunakili wote upya. Wachezaji waliniita Dokta wa Kaye.

"Dokta wa Kaye," ndugu yangu alikuwa akiniuliza mbele ya wenzake, "leo umeandika nipumue mara ngapi?"

Wote walicheka, na mimi nilicheka. Halafu nilirudi nyumbani nikiwaza kama kweli kuna kitu kuhusu kupumua ambacho nimekisahau.

Siku ile alikuwa mbele yetu kama kawaida. Alianguka katikati ya hatua, mbio hazijapungua, hakuna mtu karibu naye. Nilipomfikia alikuwa ameshafumbua macho, mchanga mdomoni, anauliza nani amemkwatua. Niliandika yote hayo: alikuwa anakimbia, hakugongana na mtu, alizimia muda mfupi, akaamka. Kesho yake nikatafuta kwenye telefone. Katika kundi moja la wanamichezo kulikuwa na sauti ya mwanamume aliyejiita daktari. Alisema mchezaji akizimia ni njaa, sukari imepungua mwilini. Apewe maji ya sukari na chumvi, aendelee. Nilimsikiliza mara nne. Nilimpenda kwa sababu hakusita hata kidogo, na mimi nasita juu ya kila kitu.

Ukurasa wangu ulikuwa na makosa mawili, nikaunakili upya. Safu ya "sababu" ilikuwa nyembamba, maelezo yangu ya jana kuhusu alivyoanguka hayakuenea humo. Nikaweka njaa, basi. Ukurasa ukawa safi.

Wiki chache baadaye tulicheza na vijana waliotoka Kabimba. Nilimpa ndugu yangu maji yangu ya sukari kwa mkono wangu mwenyewe. Kipindi cha pili alikimbilia mpira uliokuwa tayari unatoka nje, akaanguka vilevile. Tulimpepea. Tulimmwagia maji. Mtu mmoja alileta kitunguu, anuse. Hakuna aliyemkandamiza kifua, kwa sababu hakuna aliyejua, na mimi niliyepaswa kujua nilikuwa bado nimeshika chupa. Tulimpakia kwenye pikipiki, yeye katikati ya dereva na mimi. Kichwa chake kilikuwa begani kwangu njia nzima, nami nikawa naongea naye, namwambia tunakaribia. Hospitalini waliniambia nimemleta akiwa ameshakufa.

Kwenye kilio, chini ya turubai, wengine walisema amerogwa, wengine walisema sumu. Siku ya pili muuguzi mmoja, mama jirani wa mama mkubwa, alikuja kukaa naye kwenye mkeka. Akaniita nisogee. Aliuliza kwa sauti ya chini kama marehemu alikuwa amewahi kuzimia. Nikamjibu ndiyo, kwa njaa.

"Alianguka wakati anakimbia, ao kisha kusimama, mbio zimekwisha?"

"Wakati anakimbia, Mama."

Nikamweleza habari ya yule daktari wa telefone. Akataka kujua alimuuliza ndugu yangu maswali gani. Nikasema hakumuuliza kitu, wala hakumjua. Ndipo akamgeukia mama mkubwa, akauliza kama katika ukoo kuna mwingine aliyekufa ghafla, angali kijana.

"Hapana," mama mkubwa akasema. "Ni mudogo wangu tu. Lakini ule, njo ziwa lilimuchukua."

Alisema juu ya mjomba wetu, mvuvi wa Zongwe. Sisi watu wa kando ya ziwa, mtu akifa majini hatuulizi alikuwa anaumwa nini. Tangu utoto nilisikia habari za mjomba huyo, na kila aliyesimulia alisema mambo mawili yaleyale: kwamba alijua kuogelea kuliko wenzake wote, na kwamba siku ile ziwa lilikuwa limetulia. Hakuna aliyewahi kuyaweka pamoja. Muuguzi akayaweka pamoja, pole pole. Alisema kuna mioyo ambayo mapigo yake huvurugika mtu anapokimbia au kuogelea, na kwamba ugonjwa huo hurithiwa. Mtu akizimia katikati ya mbio, apelekwe hospitali siku ileile. Kuna mashine ya kupima umeme wa moyo. Unalala tu, wanakuwekea waya kifuani, haiumi. Akataja ilipo. Ni mwendo wa miguu kutoka uwanja wetu.

"Sijue kama njo ile," alisema, akarudia. "Lakini kuko mutoto mwingine."

Huyo mwingine ni dada mdogo wa marehemu, aliyekuwa akishindana mbio shuleni. Mama mkubwa alikataa, kisha akakubali. Mashine ilionyesha kile ambacho muuguzi alikiogopa. Daktari alituma karatasi kwa mtaalamu wa moyo Lubumbashi, akampa dada dawa za kumeza kila siku, akamkataza mbio na kuogelea. Mimi pia nilipimwa, kwa kuwa mjomba ni wetu sote. Moyo wangu haukuwa na kitu. Niliona aibu kuipokea karatasi ile.

Siku hiyo tuliporudi, dada aliomba kaye. Sikuwa nimemwonyesha mtu. Alisoma ukurasa wangu safi, kidole chini ya neno.

"Yaya," akasema, ndivyo anavyoniita kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, "muchana ule alikuwa amekula. Mimi njo nilimupikia. Bukari na ndakala. Alimaliza sahani."

Hakusema kwa hasira. Alinirudishia kaye, akaenda kuanua nguo. Nami nikakumbuka kwamba ndugu yangu aliamka pale mchangani, akakaa karibu nami mpaka jua likashuka, na sikumuuliza hata kama amekula.

Sasa filimbi anayo mtu mwingine. Mimi nashika kaye tu, na haina tena safu ya sababu. Dada anameza dawa zake asubuhi, hakimbii. Mtu akianguka akikimbia, naandika tulichoona na alichosema, na ukurasa ukichafuka nauacha. Aliyeanguka hachezi mpaka apimwe moyo.