Nilionja waini mbele ya wazee, mume wangu akanikana

Admin, nipostie hii lakini jina langu libaki kwako. Mume wangu naye yumo humu, anasoma kila siku, kwa hiyo hata jina la mtoto nimelibadilisha. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa kijiji cha Daudi kule Mbulu, nauza kwenye duka la dawa hapa Haydom. Mume wangu ni bwana mifugo, kwao ni Hanang, ukipita Masakta, familia ya wafugaji. Tuna miaka saba kwenye ndoa na mtoto mmoja, tumwite Neema.

Msinihukumu kwa hili la waini, sisi si walevi. Yeye alisoma Dodoma, ndiko alikoipendea, na mwaka wa kwanza wa ndoa akanipeleka nikaone. Tulitembea kwenye mashamba ya zabibu, jua kali, viatu vimejaa mchanga, kisha tukaingia kwenye kiwanda kidogo chenye ubaridi, mapipa yamepangwa hadi ukutani. Dada mmoja wa pale akatufundisha: inamisha glasi uone rangi, nusa, onja kidogo, usimeze haraka. Akasema mwenye nyumba huonja kwanza ajue haijaharibika, ndipo amimine wageni. Mume wangu akacheka, akasema, "Basi nyumbani mwonjaji ni wewe, pua yangu mimi imeshazoea ng'ombe." Tangu hapo kila tukifungua chupa naanza mimi. Dodoma tumerudi mara tatu. Nyekundu isiyo na sukari tunainywa na mbuzi wa kuchoma, chumvi tu, bila mbwembwe. Nyeupe tamu tunainywa na karanga za kukaanga. Tulishajaribu na makande, jamani, usithubutu. Ndiyo ilikuwa starehe yetu, Jumapili mchana baada ya ibada, glasi moja moja.

Sasa shida yangu. Ndoa tulifunga kanisani, ila baba mkwe hakuwahi kutubariki kimila. Kwao bila baraka ile mimi si mke, ni mgeni anayekaa kwa kijana wao. Kukiwa na msiba ukweni nakaa na majirani. Neema hajawahi kuitwa mjukuu mbele za watu. Mwaka huu mzee akalegea. Baraka hufanywa kwa pombe ya asali, lakini asali ilikosekana kwa ule ukame, mume wangu akamwomba tupeleke waini. Mzee akasema asali ni ya maua, waini ni ya tunda, sawa, leteni. Nilifurahi mpaka nikashona gauni jipya.

Tukaenda. Wazee watano wamekaa kwenye vigoda, kila mmoja na fimbo yake. Nikaamkia, shikamoo, mmoja baada ya mwingine. Baba mkwe mwenyewe akaniambia, "Mimina, binti." Nikafungua, nikamimina glasi ya kwanza, nikanusa, nikaonja. Mkono ulikwenda wenyewe. Kinywaji cha baraka anakigusa kwanza mzee mkubwa kuliko wote, anaomba, ndipo kinashuka kwa wengine, na mwanamke hakigusi. Najua hayo, hata kwetu Daudi wazee ndio huanza. Ingekuwa pombe ya asali nisingethubutu. Lakini chupa ile kichwani mwangu ilikuwa ya mezani kwetu.

Hakuna aliyepiga kelele. Baba mkwe akauliza taratibu, "Nani amekufundisha kuonja kabla ya wanaume?" Nikamwangalia mume wangu. Nilitaka aseme tu, baba, ni mimi nilimzoesha, amepitiwa, tumsamehe. Mzee akamgeukia yeye. "Kwako ndivyo mnavyofanya?"

Akaangalia chini. Akasema, "Hapana, baba. Hata mimi namshangaa."

Wazee wakainuka mmoja mmoja wakaondoka. Mimi nikabaki nimeshika ile glasi, sijui niiweke wapi.

Njiani kwenye pikipiki akaniambia, "Ningesema ndiyo, wangeniona mwanamume wa namna gani?" Nikamjibu sawa. Tangu siku hiyo kila kitu namjibu sawa. Silii. Dada zangu wakiuliza mbona umenyamaza, nasema nimechoka. Dukani nahesabu vidonge, nasahau, naanza upya. Jumapili iliyopita alichoma mbuzi mwenyewe, akafungua chupa, akanipa. Nikaonja, sikusikia ladha yoyote, kama maji ya bomba. Nikamwambia ni nzuri.

Juzi mzee ametuma ujumbe. Asali imepatikana na yuko tayari kutubariki Jumamosi hii, kwa sharti moja. Nisimame mbele ya wazee niseme hakuna aliyenifundisha, nilifanya kwa utovu wangu wa adabu, na mume wangu hakujua kabisa kama mimi hunywa. Nisipofika, hataitisha wazee tena.

Mume wangu anasema, "Maneno mawili tu, Mama Neema, halafu yaishe."

Nikamuuliza, "Na wewe nikisema hivyo utakuwa umekaa wapi?"

Akasema, "Hapo hapo, pembeni ya baba."

Kupiga magoti siogopi, wale ni wazee na kosa nililifanya kweli, kuomba msamaha ningeomba hata leo. Kinachonitisha ni kwamba alivyonijibu vile hata hasira sikupata. Nilitoka nje nikaanua nguo.

Nikienda, Neema atapata babu na mimi nitaitwa mke. Nyie mlio kwenye ndoa, nipeni mawazo kabla ya Jumamosi. Niende nikajishtaki kwa uongo ili niwe mke halali wa mtu aliyenikana, au nibaki mgeni ndani ya nyumba yangu?