Embe Kavu Chini ya Keki

Siku hiyo nyumbani kwangu Kibwezi tulikuwa wanne. Mimi mwenyewe. Mke wa mwanangu wa pili, msichana wa Murang'a aliyeolewa kwetu. Jirani yangu, ambaye tunaimba naye kwaya ya kina mama kanisani. Alileta mayai na hakurudi kwake tena. Na wifi yangu kutoka Tulia, dada mkubwa wa marehemu mzee wangu. Majina yao yote ninayo kichwani, hata la mbuzi aliyefungwa nje, lakini sitayaandika.

Wifi hakuwa amekanyaga kwangu mwaka mzima, na makosa yalikuwa yangu. Krismasi nilipika keki ya matunda, nyeusi, nzito, imejaa embe kavu. Hizo embe tunazikata na kuzianika wenyewe juu ya bati mpaka zinakuwa kama ngozi ya kiatu. Nilizitia hivyo hivyo, bila kuloweka. Wifi akauma, akavuta, meno yake ya bandia yakabaki kwenye keki mbele ya mchungaji. Watu walicheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote.

Tangu hapo nikimpigia simu anasema ni magoti, anasema ni mvua. Na ni yeye tu aliyebaki anayemkumbuka mzee wangu akiwa mtoto. Siku aliyokubali kuja, nilikaa chini kwanza.

"Mwaitu, safari hii tupike nyepesi," mke wa mwanangu akaniambia. Ananiita hivyo, mama kwa Kikamba, ingawa yeye ni Mkikuyu. Asubuhi alikuwa ameloweka embe kiganja kimoja tu kwenye chai ya rangi. Akakwangua maganda ya machungwa, akapiga mayai mpaka povu likasimama. Mimi nikachungulia bakuli, nikaona aibu.

"Matunda yako wapi?"

"Yamo, mwaitu."

"Hayo ni ya kuonja. Mtu anatoka Tulia!"

Jirani akadakia akichambua mchele, "Mwache mtoto apike. Ama unataka meno mengine yabaki?"

Lakini mimi nimelelewa kujua kwamba mgeni akipewa kidogo, amefukuzwa. Mke wa mwanangu alipotoka kuchukua makaa ya kuweka juu ya kifuniko cha sufuria, nikachota embe kavu kiganja kimoja, nikatia, nikakoroga haraka.

Keki ikapanda vizuri, laini, inanukia machungwa. Wifi akafika, akasalimia kila mtu, mimi mwisho. Chai ikamiminwa. Nilipokata kipande chake nikaona embe zangu zote zimezama, zimelala chini kama changarawe. Nikakata ile sehemu ya chini, nikaiweka kwenye sahani yangu, nikampa ya juu.

"Wifi, mbona changu hakina chini?"

"Kiliungua kidogo."

"Kimeungua, na wewe ndio unakila?"

Mke wa mwanangu akaangalia sahani yangu, akashika mdomo. Basi nikasema yote. Nikasema embe nilitia mimi, mtoto wa watu hana kosa. Nikasema na ile siku ya Krismasi sikufaa kucheka. "Nisamehe, wifi. Niliogopa utaona nimekunyima."

Wifi akatoa meno yake, akayafunga kwenye leso, akayaweka kando ya kikombe.

"Lete hicho cha chini," akasema. Akachovya kwenye chai, akatia mdomoni. "Kaka yangu alikuwa anafyonza embe kavu moja kutwa nzima akichunga. Nani alikwambia zinatafunwa?"

Sasa tulicheka wote, na yeye akiwa wa kwanza. Alilala kwangu siku nne, akanihadithia habari za mzee wangu, huyo mtoto mchunga mifugo ambaye mimi nilimkuta tayari ana ndevu.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Mimi nasema embe ilikuwa kiganja kimoja. Jirani, kumbe aliniona, anasema viwili. Kama ulisikia hadithi hii kwa wifi kule Tulia na nimekosea mahali, njoo unirekebishe. Chai iko.