Meno ya Mwinyi wa Kijapani

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu picha ya mwinyi mmoja wa Kijapani wa zamani, mtu wa jumba la mfalme, akitabasamu kwa meno meusi tii. Nilimjua. Alikuwemo kwenye kitabu alichokiokota baba, mlinzi wa chuo kule mtaa wa Doornfontein, ugenini tulikoishi, na utotoni nilikuwa nikimfunika uso kwa kidole gumba ili nitazame mavazi yake ya hariri tu. Niliamini ameoza, na kwamba kuoza huko kunaambukiza.

Ndiyo maana alasiri moja ya utoto huo Bi Mwanaidi, jirani yetu mwenye asili ya Tanga aliyetafuna tambuu kutwa, aliponiletea visheti huku akicheka, niliona mdomo ule ule. Meno meusi, mate mekundu pembeni, harufu ya chokaa na karafuu.

"Kula, mjukuu wangu, bado vya moto."

Nilikitema kisheti mbele yake, nikajisugua ulimi kwa gauni. Akafumba mdomo, akauziba kwa ncha ya kanga. Hakucheka tena mbele yangu mpaka tulipohama mtaa wetu wa La Rochelle.

"Mama, weusi huo walijipaka wenyewe," binti yangu alisoma kwenye simu. "Chuma chenye kutu, kimelowekwa kwenye siki. Eish, kilinuka." Kumbe ndiyo iliyokuwa heshima ya jumbani, meno meupe waliyaona ya wanyama.

Nilikwenda kusukutua. Kwenye kioo nikayaona yangu, meupe pe kama ya mbwa, nikafumba mdomo, nikauziba kwa kiganja.